Paka Hana Roho Saba

Katika mdahalo wa darasa letu muhula uliopita, mwenzangu mmoja alisimama akasema kwamba habari za paka wanaoishi zaidi ya miaka 30 ni mambo ya wazungu waliokosa watoto wa kulea. Darasa likacheka. Akaongeza kuwa sisi Waafrika hatuna haja ya kumtunza paka, kwa sababu paka ana roho saba: mtupe popote, atajitegemea. Darasa likapiga makofi. Mimi pia nilicheka. Baadaye nilirudi chumbani nikiwa na aibu, kwa sababu nilijua maneno yale si kweli, na nilimjua mtu mmoja aliyewahi kujitetea kwa maneno hayo hayo. Mtu huyo ni mimi. Insha hii ni jibu ambalo nilipaswa kulitoa siku ile.

Ninachodai ni hiki: paka hafikii uzee kwa roho saba, wala kwa siri ya chakula fulani. Anafikia uzee kwa sababu kuna mtu, au watu kadhaa wanaopokezana, ambao hawakumwacha. Umri wa paka ni kipimo cha uvumilivu wa watu waliokaa naye.

Nianze na paka anayetajwa kuliko wote. Creme Puff alizaliwa tarehe 3 Agosti 1967 akafa tarehe 6 Agosti 2005 katika mji wa Austin, jimbo la Texas, Marekani. Aliishi miaka 38 na siku tatu, na kitabu cha Guinness kinamtambua kuwa paka aliyeishi miaka mingi zaidi katika kumbukumbu zilizopo. Kila ninapomsimulia mtu habari hii, swali la kwanza ni lile lile: "Alikuwa akila nini?" Majibu yapo. Mwenye paka alieleza kwamba pamoja na chakula kikavu cha paka, alimpa mayai, bekoni ya bata mzinga, brokoli, kahawa yenye krimu, na divai nyekundu kidogo kwa kitone. Basi watu hutikisa kichwa na kusema, "Aha, kumbe siri ni divai!"

Napinga hoja hiyo. Mzee wa miaka 100 akituambia kwamba amevuta sigara tangu ujana wake, hatusemi kuwa sigara ndiyo iliyomfikisha hapo, tunasema ameponea. Pombe na kahawa ni sumu kwa paka, na daktari yeyote wa mifugo atakuambia hivyo. Kilichonishangaza mimi ni jambo jingine, ambalo wanaotafuta siri hulipita haraka. Mtu huyo huyo alikuwa na paka mwingine aliyeitwa Granpa Rexs Allen, aliyekufa mwaka 1998 akiwa na miaka 34. Inasemekana paka huyo alikuwa wa jamii ya Sphynx, wale wasio na manyoya. Sasa tazama utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kuhusu paka 7,936 waliokufa Uingereza kati ya 2019 na 2021. Matarajio ya maisha ya paka kwa jumla yalikuwa miaka 11.74. Paka wa jamii za Burmese na Birman walifika 14.42. Waliokuwa mwisho kabisa ni Sphynx, kwa miaka 6.68. Yaani paka wa jamii inayokufa mapema kuliko zote katika utafiti ule alifika miaka 34 katika nyumba ile. Damu ina nafasi yake, sikatai. Hata jinsia ina nafasi yake, kwani katika utafiti huo paka majike waliwazidi madume kwa zaidi ya mwaka mmoja. Lakini nyumba moja ikitoa wazee wawili wa aina hiyo, mtu mwenye akili huitazama nyumba kwanza, sahani baadaye.

Atakayesema kwamba mfano wa nyumba moja hautoshi, amtazame Flossie. Huyu alizaliwa Uingereza mwishoni mwa mwaka 1995. Alitoka katika kundi la paka wasio na mwenyewe waliokuwa wakiishi karibu na hospitali huko Merseyside. Mfanyakazi mmoja akamchukua, akaishi naye miaka kumi, kisha akafariki. Dada wa marehemu akampokea paka, akaishi naye miaka 14, naye akafariki. Mtoto wa mama huyo akamlea kwa miaka mitatu, na alipoona hawezi tena kumpa matunzo anayostahili, hakumtupa. Mwaka 2022 alimpeleka katika shirika la Cats Protection, nalo likamtafutia mtu mwenye uzoefu wa kutunza paka wazee. Novemba mwaka huo Guinness wakamtambua kuwa paka mzee kuliko wote waliokuwa hai, akiwa na miaka 26 na siku 316. Alikuwa kiziwi na macho yake yalikuwa yamefifia.

Hesabu mikono iliyomshika: mmoja, wawili, watatu, shirika, wa nne. Mmoja tu kati yao angesema "paka ana roho saba, atajitegemea," habari za Flossie zingeishia hapo. Angekuwa mzoga kando ya barabara, na wala tusingemjua jina.

Tena takwimu za vifo zinaunga mkono jambo hili. Uchunguzi mwingine wa Uingereza, wa mwaka 2015, ulionyesha kwamba paka walio chini ya miaka mitano huuawa zaidi na majeraha, hasa ya kugongwa na magari, na kwamba waliovuka umri huo husumbuliwa zaidi na figo. Maana yake ni kwamba ujanani paka huokolewa na mtu anayemchunga asizurure, na uzeeni huokolewa na mtu anayegundua kwamba siku hizi anakunywa maji mengi na kukonda. Hapa Kampala ongeza pikipiki za boda boda, mbwa wa usiku, na sumu ya panya inayotembezwa sokoni bila hata lebo. Paka akimla panya aliyekula sumu hiyo, naye anaweza kufa. Hana roho ya pili ya kuitumia kesho yake.

Uzee wenyewe si raha. Katika uchunguzi wa picha za eksirei uliochapishwa mwaka 2002, asilimia 90 ya paka waliozidi miaka 12 walikuwa na uchakavu wa viungo. Madaktari wa mifugo hukadiria kwamba paka wa mwaka mmoja ni sawa na mtu wa miaka 15, wa miaka miwili ni sawa na mtu wa 24, na baada ya hapo kila mwaka wa paka huhesabiwa kama minne ya mtu. Kwa hesabu hiyo paka wa miaka 20 ni bibi wa miaka 96. Nani kati yetu angemwambia bibi wa miaka 96 akajitegemee?

Sasa nirudi kwenye dai la mwenzangu, kwamba haya ni ya wazungu. Kwanza, paka mwenyewe ni wa huku. Wataalamu wa jenetiki wamethibitisha kuwa paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika, ambaye mpaka leo anaishi porini katika nchi zetu. Pili, waungwana wa lugha hii tunayoisoma walishasema kabla yetu: paka wa nyumba haingwa. Tunaikariri methali hiyo kwa ajili ya mtihani, tunaandika kwamba maana yake ni kutomfukuza mtu wa nyumbani, tunapata alama, halafu tunamfukuza paka. Tatu, Waislamu miongoni mwetu wanaifahamu hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Hayo hayakuandikwa Texas.

Nne, ninaye shahidi wa nyumbani. Bibi yangu, jjajja kama tunavyosema kwetu, anauza matooke karibu na Masaka, na hajawahi kuwa tajiri hata siku moja. Paka wake hakuwa na jina. Aliitwa kkapa, yaani paka tu. Aliletwa mwaka aliozaliwa mdogo wangu, na mdogo wangu alipokuwa akifanya mtihani wa Senior Four, paka huyo bado alikuwa akilala juu ya gunia jikoni. Cheti chake cha kuzaliwa ni mdogo wangu. Jjajja hakujua neno taurini, wala hakujua kwamba mwaka 1987 wanasayansi waligundua kuwa paka anayeikosa moyo wake hutanuka na kudhoofika. Alichojua ni kwamba paka haishi kwa posho na matooke, kwa hiyo kila jioni alimwekea mukene. Taurini ipo kwenye nyama na samaki, haipo kwenye mahindi. Meno ya paka yalipokwisha, jjajja akawa anautwanga ule mukene. Hakuna aliyekuja kumpima paka huyo wala kumwandika kitabuni, na huenda vijijini kwetu wako wengi kama yeye. Kwa hiyo msiniambie kwamba uzee wa paka ni anasa. Gharama yake kwa siku ilikuwa samaki wa kujaa kiganja.

Nakubali hoja moja ya upande wa pili. Daktari wa mifugo ni ghali kwa mwanafunzi. Chanjo ya kichaa cha mbwa na kumfunga paka kizazi huhitaji fedha ambazo wengi wetu hatuna. Lakini hoja hiyo inatuambia tusimchukue paka tusiyemudu, au tuchange wanne au watano wa ghorofa moja tumtunze mmoja. Haituambii tumchukue kisha tumtupe.

Na hapa ndipo ninapofikia aibu yangu. Nilipokuwa mwaka wa kwanza nilimwokota mtoto wa paka nyuma ya hosteli niliyopanga. Nilimwita Daftari, kwa sababu alipenda kulala juu ya daftari zangu. Alinikalia miezi minane. Mitihani ilipokwisha nilifunga begi nikapanda basi kwenda nyumbani, na rafiki aliponiuliza kuhusu Daftari nilimjibu kwa mzaha: "Paka ana roho saba." Niliporudi baada ya likizo ndefu hakuwepo. Nilimwuliza mlinzi wa lango kama amemwona. Alinitazama, akasema, "Nnyabo, kwani ulimwacha kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemwacha kwa methali.

Sikuwa peke yangu, na ndiyo maana naandika. Kila mwisho wa mwaka hosteli zinapofungwa, hubaki paka wanaolia milangoni mwa vyumba vilivyofungwa. Walizoea maziwa, walizoea kitanda, hawajui kuwinda wala kukwepa pikipiki. Paka jike asiyefungwa kizazi hubeba mimba kwa wiki tisa hivi tu, kwa hiyo tunaporudi tunakuta watoto wake, tunasema "jamani, wazuri hawa," na mchezo unaanza upya. Mwishowe uongozi unakasirika, sumu inawekwa, nasi tunaulaumu uongozi. Hatukumbuki nani aliyewaleta.

Wanafunzi wenzangu, siwaombi mfuge paka mpaka miaka 38. Naomba kabla ya kumwokota yeyote tujibu swali la yule mlinzi: likizo ikifika, utamwacha kwa nani? Mwenye jina la mtu wa kumtaja, amchukue. Asiye na jina, amwache kwa anayemtunza, au amtafutie mwenye nyumba ya kudumu. Na walimu wetu, ninawaomba kwa heshima: mnapotufundisha methali za paka, mtuulize pia tunaishi nazo vipi.

Mwenzangu wa mdahalo alisema paka ana roho saba. Daftari alikuwa na moja, na aliniamini nayo kwa miezi minane. Paka wa jjajja pia alikuwa na moja, ikamfikisha miaka 17, kwa sababu kila jioni kulikuwa na mtu jikoni anayekumbuka kumtwangia mukene.