Musituulize kama tumefurahi, mutuulize kama munganga angali huko

Juzi nilimusindikiza mama yangu lopitalo moja ya jimbo letu, jina naliacha. Ana tansyo ya siku nyingi. Alipotoka, kijana mwenye koti jeupe na kalamu mkononi akamuuliza kama ameridhika na matunzo. Mama akajibu: “Aksanti sana baba, iko muzuri.” Kijana akaandika.

Njiani ndipo mama akasema ukweli. Munganga huyo ni wa tatu ndani ya mwaka mmoja, na kila mmoja anaanza upya: “Mama, unaumwa nini?” Dawa ya asubuhi na ya jioni hakuzielewa vizuri. Nikamuuliza, basi kwa nini ulisema ni muzuri? Akanitazama kama mtoto. “Na kesho nikirudi pale na wajukuu, nani atatupokea?”

Ninaandika haya kwa sababu kila mahali sasa watu wanasifu udaktari wa familia. Mimi sikatai hata kidogo. Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuufundisha mwaka 2005. Hapa Congo, HEAL Africa ya Goma imefundisha wanganga wa namna hiyo. Si munganga mdogo, kama wengine wanavyofikiri: anasoma tena miaka kadhaa baada ya udaktari wa kawaida ili aweze kumuona babu mwenye tansyo, binti mwenye mimba na mtoto mwenye malaria, wote wa nyumba moja, tena awafuate mwaka hadi mwaka. Nguvu yake iko pale: anakujua.

Sasa mnataka kupima kazi hiyo kwa swali moja mlangoni, siku moja, mbele ya watu wenye dawa? Huo ni upimaji wa adabu. Sisi watu wa Pweto tumelelewa kushukuru aliyetupokea, hata akitupokea vibaya. Na aliyekata tamaa hayuko mlangoni. Yuko nyumbani, au famasini ananunua vidonge vitatu bila karatasi, au kwa muganga wa mizizi. Fomu yenu haimfikii.

Pelekeni swali nyumbani, miezi sita baadaye, na asiulize mtu wa lopitalo. Muulize: munganga wako anaitwa nani? Alikukumbuka? Fishi yako ilipatikana, ao walikufungulia nyingine?

Najua jibu la wakubwa: wanganga hawakai Pweto. Barabara ya Lubumbashi ni mbaya, hasa mvua ikinyesha, na munganga kijana ana familia na haoni primu yake. Ni kweli, na wanganga wa nchi hii wamegoma mara nyingi kwa ajili ya pesa hizo. Lakini basi semeni hivyo! Munganga wa familia anayehamishwa baada ya miezi minane hana familia ya kutunza. Amekuja kutembea tu. Mlipeni, mpeni nyumba yenye maji, muacheni akae miaka mitano kando ya Moero. Halafu mje na kalamu zenu.

Mama ana rendez-vous juma ijayo. Jina la munganga bado hatulijui.