Taa Ifungwe Kabla ya Gunia



Msimu uliopita, katika usiku wa giza la mwezi, kijana wa mwanachama mmoja wetu alipakia gunia la karafuu kavu kwenye keria ya baiskeli yake na kutoka baada ya sala ya Isha, ili awe wa mwanzo kwenye kituo cha kununulia asubuhi. Juu ya gunia aliweka bahasha yenye karatasi za chama. Bahasha ile tulimpa sisi, na sisi ndio tuliomwambia asingoje alfajiri, kwa kuwa karatasi zilikuwa zikitakiwa mapema. Mbele, kwenye mikono ya baiskeli, alifunga tochi kwa kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, kama tufanyavyo wengi wetu. Katika mteremko tochi ile ikapiga kishindo, ikainama, ikawa inamulika tairi lake mwenyewe. Chini ya mteremko palikuwa na gari la ng'ombe limesimamishwa pembeni, halina taa wala kitambaa cheupe. Mguu ulivunjika mahali pawili, gunia likapasuka, na karafuu zikamwagika mferejini wakati mvua inanyesha.

Tochi tuliiokota wenyewe. Ilikuwa bado inawaka.

Kwa hivyo si haki kusema kuwa kijana yule alikwenda bila ya taa. Taa alikuwa nayo, na betri zake zilikuwa mpya. Kilichomwangusha ni namna ilivyofungwa, na jambo hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo, kwa sababu katika mkutano wa kamati uliopita lilipitiwa juu juu kisha likaachwa.

Mzee wetu mmoja, ambaye rai yake tunaiheshimu siku zote, alisema kuwa fedha za chama zinunue maturubali, maana mvua humkhasiri kila mkulima, na taa humfaa mwenye baiskeli peke yake. Ni kweli kuwa karafuu zikilowa siku mbili tatu huvunda, rangi ikapotea na daraja ikashuka. Lakini tumuulize mzee wetu kwa adabu: hizo karafuu zilizosalimika chini ya turubali zinafika vipi kituoni? Kwa wenye mashamba ya ndani, ambako gari haliingii wakati wa mvua, zinafika kwa baiskeli. Na wachumaji wanaotoka mbali wanarudi makwao saa ngapi? Wanarudi usiku, baada ya kuchambua makonyo. Wapo wenye pikipiki siku hizi, lakini si wote, na petroli haiji bure.

Sasa tuseme juu ya taa yenyewe. Mtu aendaye mwendo wa kilomita 15 kwa saa hukata zaidi ya mita 4 kila sekunde. Ukiona shimo, ukafikiri kwa sekunde mbili kabla ya kushika breki, umekwisha kwenda mita 8 na breki hazijaanza kazi. Ongeza gunia nyuma, ongeza ringi zilizolowa, khalafu ufikiri mwenyewe. Taa inayomulika hatua tatu mbele ya gurudumu inakuonesha mahali utakapoangukia, basi.

Wengi huipenda taa ya kufunga kichwani. Kwa kuchambulia karafuu ni nzuri sana, lakini njiani ina aibu mbili. Kwanza, mwangaza ukitoka karibu na macho yako huoni kivuli cha shimo, na shimo lisilo na kivuli huonekana kama uwanja. Pili, kila unayemtazama unampofua, naye ndiye anayekuja na pikipiki mbele yako. Taa ikiwa chini ya macho, kila jiwe hutupa kivuli na njia husomeka. Lakini pia usiishushe mpaka karibu na ekseli: tope litaifunika, na kila kijiwe kitakuwa na kivuli cha mlima. Mahali pake ni kichwani mwa fremu, chini ya mikono, pale ambapo baiskeli za kizamani zilitoka kiwandani na kipande cha chuma cha kutundikia taa. Ukitazama Raleigh au Phoenix ya zamani utakiona, ingawa wengi wamekitumia kutundikia kikapu. Kikapu ni adui wa taa. Mwenye kikapu aishushe taa juu ya uma wa mbele, na atazame kuwa tairi haikati mwangaza.

Kifungo kiwe cha chuma, cha kukazwa kwa skrubu, hata kile cha kubania mpira wa maji kinatosha. Kipande cha mpira kina kazi yake, nacho ni kulazwa baina ya chuma na fremu ili kifungo kisiteleze. Mpira usiachiwe kazi ya kufunga. Ukisha kupakia mzigo wote, simamisha baiskeli mbele ya ukuta, hatua kumi, na uielekeze taa ili kitovu cha mwangaza kiwe chini kidogo ya kimo cha taa yenyewe. Ukiielekeza baiskeli ikiwa tupu, mzigo utaibadilisha.

Kuhusu dainamo, tuna watu wawili katika chama: anayeiapia na anayeilaani, na wote wawili wana haki. Dainamo ya chupa, inayosuguana na tairi, huteleza mvua ikinyesha, yaani wakati ule ule unapoihitaji. Lakini mara nyingi kosa ni la fundi. Mhimili wa chupa lazima uelekee kwenye ekseli ya gurudumu, na ile skrubu yenye ncha ya kwenye kibanio chake lazima itoboe rangi ya fremu, maana umeme hurudi kwa njia hiyo. Fremu iliyopakwa rangi upya haiwashi taa, na watu husema dainamo imekufa. Iliyo bora ni ile ya ndani ya gurudumu, ambayo kiwanda cha Sturmey-Archer cha Uingereza kilianza kuiuza mwaka 1936. Hiyo haijui mvua. Huko Ufaransa kuna safari ya baiskeli ya kutoka Paris mpaka Brest na kurudi, kiasi cha kilomita 1,200, iliyoanza mwaka 1891. Wanaopewa muda mrefu zaidi hupewa saa 90, na wengi wao hukesha njiani kwa dainamo za namna hiyo. Nguvu yake ya kawaida ni wati 3 tu, lakini kwa taa za LED za leo wati 3 ni mwangaza mkubwa. Bei yake ndiyo inayotushinda, hatutaki kuwadanganya.

Kwa hivyo rai yetu ni taa ya LED ya kuchajiwa, kifungo cha chuma, na taa nyekundu nyuma, iwekwe chini ya keria ili gunia lisiifunike. Chama kitoe nusu ya bei na mwanachama atoe nusu, akatwe kidogo kidogo msimu ukianza. Maturubali yanunuliwe pia, lakini yasimeze fungu lote. Na liandikwe katika kitabu cha chama kuwa hapana mtu atakayetumwa usiku kwa kazi ya chama bila ya taa iliyokaguliwa. Sharti hili linatuhusu sisi wa ofisini kabla ya mtu mwengine yeyote.

Kijana yule sasa anatembea kwa fimbo. Baba yake hajatuuliza neno juu ya bahasha, wala hatukusubiri atuulize. Tulikwenda kwake na tukakiri.

Vifungo vya mfano vimo ofisini pamoja na baiskeli moja iliyokwisha kufungwa taa. Ijumaa baada ya sala leteni baiskeli zenu na magunia yenu yakiwa yamejaa, tuzielekeze taa pamoja ukutani.