Mchawi Si Mfalme wa Uwanja

Ukikaa na wachezaji wa Dungeons & Dragons, iwe Remera jijini Kigali au Nairobi, utasikia kauli moja ikitolewa kana kwamba imetoka msahafuni: kundi la maadui ni kazi ya mchawi. Mpiganaji apige, padri atibu, manju aimbe, na maadui wakijaa uwanjani aitwe mchawi awashe moto. Kikosi kipya kikiundwa, swali la kwanza ni nani amechukua mchawi. Hayupo? Basi tumekwisha.

Naipinga kauli hii, na naipinga nikiwa Rwanda, nchi ya igisoro, mchezo wa kete na mashimo.

Imani yenyewe ina historia. Mwaka 1971, miaka 3 kabla ya Dungeons & Dragons kutoka, Gary Gygax na Jeff Perren walichapisha Chainmail, kanuni za kupiganisha askari wa sanamu mezani. Mchawi alipoingizwa humo, mpira wake wa moto ulipewa eneo sawa na pigo la mtambo mkubwa wa kurushia mawe. Kwa maneno mengine, mchawi alizaliwa akiwa mzinga. Kisha mwaka 2008 toleo la 4 likawagawa wahusika kwa majukumu: walinzi, washambuliaji, viongozi na wadhibiti. Katika kitabu cha kwanza cha wachezaji, mdhibiti alikuwa mmoja tu, naye ni mchawi. Druidi alipewa kazi hiyohiyo mwaka uliofuata, lakini maneno ya kwanza yalishakaa vichwani mwa watu.

Sasa tazama igisoro. Mashimo 32, kete 64, kila mtu na zake 32. Kete unazokamata huziweki mfukoni ili uzihesabu mwishoni. Unazipanda upande wako na mchezo unaendelea. Unashinda mwenzako anapokosa pa kuanzia. Kwa kuwa shimo lenye kete moja haliruhusiwi kuanza, mtu anaweza kuwa na kete kadhaa mbele yake na akawa ameshindwa kabisa. Wacheza omweso wa Uganda na wacheza bao wa pwani hawahitaji kuelezwa hili. Kumdhibiti mtu ni kumnyima zamu. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo anayecheza igisoro kwa akili, ukimpa dadu anaanza kuhesabu waliounguzwa.

Chukua mazimwi 4 mbele ya kikosi cha ngazi ya 5, kwa kanuni za 2014, ambazo ndizo ninazozifuata katika mifano yangu yote. Zimwi moja lina pointi 59 za uhai. Mpira wa moto ni dadu 8, wastani wake 28. Tuseme mazimwi yote yameungua barabara: kila moja linabaki na 31, na zimwi la pointi 31 linazungusha rungu kwa nguvu ileile ya zimwi la 59. Rusha mpira wa pili, jumla inafika 56, na bado yamesimama. Mchawi wa ngazi hiyo ana nafasi 2 tu za uganga wa kiwango cha 3, na zote zimekwisha. Mazimwi hayajapoteza hata zamu moja.

Manju wa ngazi hiyohiyo anachora rangi hewani, ule uganga uitwao Hypnotic Pattern. Zimwi ni zito la akili: likitakiwa kufikia 15 kwenye dadu ya pande 20, kwa upungufu huo lazima lipate 17 au zaidi, yaani mara 4 kati ya 5 linashindwa. Mazimwi 3 yanaduwaa, na yataendelea kuduwaa mpaka mizunguko 10 iishe, mradi manju asivurugwe na asitokee wa kuyapiga au kuyatikisa. Wenzake manju wote wanaligeukia lile la 4. Ndiyo, mchawi naye anaweza kujifunza uganga huo. Ila si wake peke yake, na hapo kilio cha "hatuna mchawi" kinakosa msingi.

Druidi hahitaji hata kufika ngazi ya 5. Mwendesha mchezo wetu hupenda mapambano ya mabondeni, kwenye mafunjo kama ya mto Nyabarongo. Vibwengo 6 wanakuja wamebanana, druidi wa ngazi ya 1 anaamsha mizizi, na kwa wastani 4 wananaswa. Kibwengo akijaribu kujinasua, zamu yake imeliwa. Akiamua kurusha mshale palepale aliponaswa, anatupa dadu mbili na kuchukua iliyo mbaya. Mchawi wa ngazi hiyo ana uganga wa usingizi, nao ni mkali, sikatai: hulaza vibwengo kama 3 bila kuwapa nafasi ya kujitetea. Lakini unahesabu pointi za uhai. Ukifika kwa zimwi la 59 umekuwa wimbo wa kubembelezea mtoto.

Halafu kuna jambo ambalo wapenzi wa mchawi hulipita haraka. Uganga wa kushikilia watu hutegemea umakini: mmoja tu kwa wakati, na kila unapopigwa unatupa dadu kuona kama utaukosa. Mchawi ni miongoni mwa wenye mwili dhaifu zaidi. Nani basi anamlinda asipigwe? Ni yule mpiganaji aliyesimama mlangoni, anayemkaba adui shingoni na kumwangusha chini, asiweze kuinuka maadamu ameshikwa. Hatumii nafasi ya uganga, na anaweza kurudia siku nzima. Kanuni za msingi zilipotolewa kwa umma chini ya leseni ya Creative Commons mwaka 2023, kipaji cha ziada kilichowekwa kama mfano kilikuwa kimoja tu, cha ukabaji. Wengi waliipakua nakala hiyo wakaruka ukurasa huo kwenda kutafuta moto.

Na joka je? Joka lililokomaa lina haki ya kuamua, mara 3 kwa siku, kwamba limefaulu kujitetea hata kama dadu imekataa. Mchawi hupoteza nafasi zake kubwa tatu kuzimaliza haki hizo. Mtawa huzimaliza kwa ngumi, pointi moja ya nguvu zake kwa kila jaribio, na ikipatikana ya nne joka linaganda mpaka mwisho wa zamu ijayo ya mtawa.

Waendesha michezo nao wana lawama. Wanaweka maadui wamesongamana katikati ya chumba kitupu, kisha wanashangaa kila mtu akitaka mchawi. Weka wawili juu ya mteremko, mmoja nyuma ya ukuta, na mpiga mishale ng'ambo ya mto, uone huo mpira wa moto utaangukia wapi.

Watanijibu kwamba raha ya mchezo ni moto. Hilo sibishani nalo; dadu 8 zikibiringika mezani kwa pamoja zina utamu wake. Waseme basi kwamba wanapenda kuchoma. Wasije mezani na mchawi aliyebeba mipira miwili ya moto wakatuambia wamekuja kudhibiti uwanja.