Samaki wa Usenge apewe jina lake

KAULI YA UFUONI
Na Atieno Ogweno

Shangazi yangu ameuza omena Usenge tangu mimi sijaanza shule. Akichukua chache na kuzivunja kwa vidole, atakwambia kama zilikaushwa juu ya chanja au zilimwagwa mchangani, na kama zilinyeshewa usiku kisha zikaanikwa upya asubuhi. Lakini gunia lake likishapakiwa kuelekea Bondo na Kisumu, ujuzi huo wote unabaki ufuoni. Likifika soko la Kibuye, Kisumu, linamwagwa juu ya rundo la magunia mengine. Kuanzia hapo omena yake safi na ile yenye mchanga ni rundo moja, na bei ni moja.

Agosti iliyopita, omena iliporuhusiwa tena kuvuliwa baada ya ile miezi minne ya kufungwa, Aprili hadi Julai, nilimpelekea mashine ya kuchapisha lebo. Ni kitu kidogo, hakizidi mkate wa gramu 400, kinakaa mezani na kuunganishwa na simu. Unaandika maneno kwenye simu, unabonyeza, lebo inatoka ikiwa na gundi mgongoni. Bei ya zile ndogo inakaribiana na ya simu ya kawaida. Lebo ya kwanza aliyoichapisha ilisema: Omena ya Usenge, imekaushwa kwenye chanja, gramu 250, ikafuata tarehe na nambari yake ya simu. Aliishika muda mrefu. Kisha akaniuliza kama tunaweza kuongeza jina lake.

Ninaandika haya kwa sababu naamini swali lile la shangazi ndilo swali la ufuo mzima. Samaki wetu hawana majina, na asiye na jina hulipwa bei ya asiyejulikana.

Mzee mmoja kwenye banda la samaki, rafiki wa marehemu baba, alinisikiliza nikieleza akatikisa kichwa. "Nyar Yimbo," aliniambia, "chema chajiuza." Namheshimu mzee huyo, lakini methali ile ilitungwa muuzaji na mnunuzi wakionana uso kwa uso. Leo mlaji wa omena yuko Kayole au Nakuru. Hajui Usenge iko upande gani wa ziwa. Chema kinajiuza vipi kwa mtu asiyeweza kukitofautisha na kibovu?

Tazama yaliyompata ngege. Kwa miaka mingi sasa katoni za ngege waliogandishwa kutoka China zimekuwa zikiuzwa Nairobi na hata hapa Kisumu, mwendo mfupi kutoka majini. Oktoba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alihoji hadharani kwa nini samaki hao waingie nchini ilhali tuna wetu. Tulishangilia. Lakini katoni ile ya China, chochote utakachosema juu yake, huandikwa kampuni iliyofunga samaki, tarehe, uzani na nambari ya fungu. Ngege wa kwetu hulala kwenye beseni bila neno hata moja. Mnunuzi akiuliza, "Mama, huyu ni wa ziwa au wa China?" mama hana cha kumwonyesha isipokuwa kuapa. Na yule anayeuza wa China baada ya kutupa katoni anaapa vivyo hivyo.

Jambo hili si geni ziwani. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu. Kabla ya hapo soko hilo lilikuwa limetikiswa na hofu ya salmonela, kisha ya kipindupindu. Viwanda vya minofu vilijifunza kwa uchungu: usipoweza kusema samaki huyu alitoka wapi na lini, hata aliye mzima anakataliwa pamoja na mgonjwa. Tangu hapo mnofu wa mbuta unaopanda ndege husafiri na nambari ya fungu na tarehe. Mbuta anayekwenda Ulaya ana kitambulisho. Omena inayoliwa Kondele haina. Kwa nini mtoto wa Kondele astahili habari chache kuliko mtoto wa Madrid? Hili linaniuma.

Kwa wafugaji wa samaki kwenye vizimba ziwani jambo hili ni zito zaidi. Siaya ndiyo kaunti yenye vizimba vingi kuliko zote za upande wetu wa ziwa, na ukisimama Usenge ukaangalia njia ya mashua za kisiwa cha Mageta utaelewa ni fedha kiasi gani zinaelea pale. Novemba 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi upande wa Kisumu, maji yalipopungukiwa na oksijeni. Siku kama hizo mnunuzi wa mjini husikia neno moja tu: vizimba. Mfugaji wa Usenge ambaye samaki wake hawakuguswa atajitetea kwa nini, kama begi lake halina mahali wala siku ya kuvuna?

Sasa nirudi kwenye mashine, maana watu kadhaa wameniuliza wanunue ipi, na sipendi wapoteze fedha kama tulivyopoteza sisi. Mashine nyingi ndogo hazitumii wino. Karatasi yenyewe imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, na kichwa cha mashine kina vitone vidogo sana vinavyopashwa moto kuandika herufi. Ni rahisi na ni safi, lakini karatasi hiyo inaendelea kuogopa joto hata baada ya kuchapishwa. Shangazi alitundika pakiti zake mbele ya kibanda, kwenye jua la Usenge, na baada ya wiki mbili maandishi yalikuwa yamefifia. Tarehe haikusomeka kabisa. Duka lililotuuzia halikusema lolote kuhusu hilo. Kwa samaki wabichi watakaoliwa kesho lebo hiyo inatosha. Kwa omena kavu itakayokaa miezi dukani, tafuta mashine ya utepe, ile inayoyeyusha rangi kutoka kwenye utepe na kuigandisha kwenye lebo. Ni ghali zaidi, na utepe unakwisha kama lebo zinavyokwisha, lakini maandishi yake yanavumilia jua.

Gundi nayo ina masharti. Haishiki kwenye mafuta wala kwenye umande. Omena ya kukaanga ikishapakiwa, vidole na pakiti vyote vina mafuta, na lebo hubanduka kabla ya kufika Bondo. Bandika lebo kwanza pakiti ikiwa kavu na tupu, ndipo uijaze. Pakiti ya kaki haina shida kubwa.

Lakini kilichombadilisha shangazi zaidi si mashine, ni zile gramu 250. Maisha yake yote amepima kwa gorogoro, na gorogoro hupima ujazo. Ukitaka kuandika uzani lazima uwe na mizani, na mizani ya biashara kisheria lazima ikaguliwe na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo. Alipoanza kupima aligundua kwamba gorogoro mbili za siku mbili tofauti hazina uzani mmoja, kwa kuwa omena yenye unyevu ni nzito. Siku hizi hafungi pakiti mpaka omena ikauke sawasawa, kwa sababu jina lake liko juu yake na omena mbichi ndani ya pakiti huota ukungu. Hakuna afisa aliyemwambia afanye hivyo.

Yapo mambo ambayo mashine inaweza kuyachapisha lakini hatuna ruhusa ya kuyachapisha. Alama ya ubora ya KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, si pambo. Huombwa, bidhaa hupimwa, na kibali hutolewa. Mwenye kuinakili kutoka kwenye pakiti ya unga anavunja sheria. Ile mistari myeusi inayosomwa na mashine za supamaketi pia haibuniwi nyumbani. Tangu pakiti ya chingamu iliposomwa kwa mara ya kwanza kwenye kaunta ya duka mjini Troy, Ohio, tarehe 26 Juni 1974, mfumo huo umesimama juu ya nambari zisizorudiwa, na za kwetu, zinazoanza na 616, hutolewa na GS1 Kenya. Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula, EAS 38, kinadai mengi kuliko tulivyoandika sisi: jina la chakula, viungo, uzani halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi, nambari ya fungu, tarehe, maelekezo ya kuhifadhi. Anayetaka kuingia supamaketi akisome chote.

Na ipo hatari ambayo sitaificha. Mashine hii ni rahisi kiasi kwamba mtu anaweza kubandua tarehe ya Juni na kubandika ya Septemba kwa sekunde tano. Wapo watakaofanya hivyo. Kwa ajili hiyo naona mashine isikae kwa kila mtu peke yake. Ikae bandani, chini ya kamati ya usimamizi wa ufuo (BMU), pamoja na mizani moja iliyokaguliwa na daftari la mafungu. Mwanamke alete omena yake, ipimwe mbele ya wenzake, apewe nambari ya fungu, alipie kila lebo. Wenzake wanajua aliileta siku gani. Daftari hilo pamoja na macho ya majirani ni ulinzi ambao mashine haiwezi kuutoa. Umeme ukipotea, na Usenge unapotea, zipo mashine zenye betri.

Naiomba Serikali ya Kaunti ya Siaya ianze na ufuo mmoja. Usenge una banda, una barabara na una wanawake wanaojua kazi. Gharama ya mashine ya utepe, mizani na kifaa cha kuziba pakiti ni ndogo sana ukiilinganisha na mashua moja ya injini. Viongozi wa BMU wasingoje kaunti kama akiba yao inatosha.

Nawe msomaji wa Nairobi, Nakuru au Eldoret, una sehemu yako. Jumamosi hii ukinunua samaki, muulize mama anayekuuzia: amevuliwa ufuo gani, na lini? Uliza kwa adabu, kisha uliza tena wiki ijayo.