Kabuti la Sufu na Adui Wake

Mtu wa Diani au Msambweni hana haja ya kabuti kwao, maana hata usiku wa Julai, wakati wa kusi, baridi si kali. Lakini akipata kazi Limuru, mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, shati na shuka havimfai kitu. Ndiyo sababu makabuti mazito ya askari yalienea Kenya, yakawa vazi la walinzi wa usiku.

Sufu haina moto ndani yake. Nyuzi zake hushika hewa, na hewa hiyo huzuia joto la mwili lisitoke. Tena hunywa unyevu mwingi kabla mvaaji hajasikia maji.

Hatari huanza kabuti lirudipo Kwale. Likifungiwa sandukuni na jasho lake, huwa karamu ya nondo. Nondo mwenyewe hali sufu; hutaga mayai, na viwavi wake ndio walao, tena gizani. Mwenyewe huona matundu siku ya kurudi bara, na fedha yake imekwisha potea.

Basi kabuti lipigwe brashi, lifuliwe kwa maji baridi na sabuni kidogo, wala lisichemshwe, maana sufu hujikunja. Likikauka kabisa, litiwe katika sanduku lifungikalo barabara, na kila mwezi litolewe juani likung'utwe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.