Malezi Hayalipiwi Ada

Wako wazazi miongoni mwetu ambao wamejiaminisha kwamba kumlea mtoto maana yake ni kumlipia. Mtoto akifika umri wa miaka mitano, kabla meno yake ya utoto hayajaanza kung'oka, ananunuliwa sanduku la bati, godoro, ndoo, kufuli na mashuka mawili yaliyoandikwa jina lake pembeni. Kisha anapandishwa gari na kukabidhiwa kwa watu asiowajua, ili wao ndio wamfundishe kuoga, kula, kusali, kusema kweli na kulala peke yake gizani. Mzazi anarudi mjini moyo umetulia. Ukimuuliza habari za mtoto, anakutajia kiasi cha ada.

Jambo hili tumelivumilia mno hapa mkoani Kilimanjaro, na wakati umefika wa kulisema bila ya kumung'unya maneno. Watu wa Mlimani tuna sifa ya kupenda elimu, na sifa hiyo si ya uongo. Kahawa ya babu zetu ndiyo iliyotujengea shule wakati mkoloni hakuwa na haja ya kutuona tumesoma. Lakini kupenda elimu ni jambo moja, na kuukimbia wajibu wa nyumbani kwa kisingizio cha elimu ni jambo jingine kabisa.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 Serikali, kwa waraka wa Kamishna wa Elimu, ilikataza watoto wa elimu ya awali na wa darasa la kwanza hadi la nne kulala bweni. Waraka ule ulikuwa sahihi, tena ulichelewa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilikwisha kumpa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake na kukulia mikononi mwao. Inasikitisha kwamba walionung'unika zaidi hawakuwa watoto bali wazazi, na kwamba hawakukosekana waliotafuta vichochoro mara moja: bweni likabatizwa jina jipya, watoto wakawa ni wale wale na vitanda ni vile vile.

Sisemi haya nikiwa nimesimama pembeni. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na ni bibi. Nyumbani kwangu, Kirua Vunjo, naishi na wajukuu watano; mkubwa ana miaka minane, na mdogo hajatimiza miwili. Watatu ni wa mwanangu aliyeko Dar es Salaam, wawili ni wa binti yangu anayefanya kazi Arusha. Desemba iliyopita mwanangu huyo alikuja kula sikukuu, kama ilivyo desturi ya Wachaga kurudi nyumbani mwisho wa mwaka, na ndani ya gari, chini ya mchele na soda, palikuwa na sanduku la bati. Lilikuwa la mjukuu wangu wa tatu, msichana wa miaka mitano. Amekwisha kupata nafasi, akaniambia, katika shule nzuri ya Kiingereza katika mkoa mwingine. Na kuhusu ule waraka nisiwe na wasiwasi, kwa kuwa watoto hawalali bweni, wanalala kwa matroni. Nilimwuliza matroni huyo ana watoto wangapi. Hakujua.

Mwanangu si mtu mbaya. Anafanya kazi usiku na mchana, hanywi kupita kiasi, na kila mwezi anatuma fedha. Kinachomsumbua ni kasumba. Anaamini kwamba nyumbani ni mahali ambapo mtoto anapoteza muda mpaka shule itakapompokea. Kwamba bibi aliyejifunga khanga ni mlinzi wa watoto, si mwalimu wao. Na kwamba maarifa huanza siku risiti ya kwanza inapokatwa. Kasumba hii ni ya wengi, na baadhi yao ni watu wakubwa wanaopanda majukwaani kutuhutubia juu ya maadili yaliyoporomoka.

Hebu basi tuitazame hiyo nyumba inayodharauliwa.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri moto umekwisha kuwashwa. Mkubwa na mdogo wake wa miaka sita wanaosha nyuso, wanakunywa uji, wanakwenda shule ya kijiji. Wanabaki watatu, na hapo ndipo darasa langu linapofunguliwa. Ng'ombe wetu hatoki zizini. Majani ndiyo yanayomfuata. Tunakata matete, tunafunga mizigo, na kila mtoto anabeba wake kwa kadiri ya mwili wake. Wa miaka mitatu hubeba majani manne na kudai kwamba amechoka kuliko wote. Mkungu wa mshare ukiangushwa, tunahesabu chane, kisha tunahesabu ndizi za kila chane, kisha tunagawa: hizi za mtori, hizi za sokoni, hizi za jirani aliyefiwa. Mtoto ambaye hajajua kuandika tarakimu anakuambia zimebaki ngapi, na ukimpunja anakushtaki. Msimu wa kahawa anafundishwa kwamba punje nyekundu inachumwa na ya kijani inaachwa, hata kama mkono unaifikia. Herufi tunaziandika kwa kijiti katika udongo uliofagiliwa, na tunazisoma popote zilipo: katika mfuko wa mbolea, katika karatasi ya dawa, katika gazeti kuukuu. Wakipigana, na wanapigana kila siku, aliyekosa hutumwa kwenye mpaka wa kihamba akachume jani la sale amletee mwenzake. Kwa Wachaga jani hilo ni ombi la msamaha ambalo mtu hana ruhusa ya kulikataa. Yule wa miaka mitano amekwisha kugundua hila ya kuchuma majani mawili asubuhi, moja la akiba.

Jioni wakubwa wakirudi, wanakuwa walimu wa wadogo, nami nakuwa mkaguzi.

Sitaki msomaji adhani kwamba nachora picha ya peponi. Ziko siku ambazo mdogo ana homa, uji umeungua, mvua imelowesha kuni, mgongo unaniuma, na hakuna herufi hata moja iliyofundishwa. Kulea watoto watano ni kazi ngumu kuliko kufundisha darasa la watoto sabini. Nimezifanya zote mbili, nina haki ya kulinganisha. Tofauti ni kwamba ile ya darasani ilinipatia mshahara na sasa pensheni, na hii ya nyumbani watu huiita 'kukaa tu'. Mwanamke wa Kirua Vunjo anashuka tambarare kutafuta majani na kulima mahindi, anapanda tena mlima na mzigo kichwani na mtoto mgongoni, anapika, anaosha, anafundisha. Halafu anayejaza fomu anamwandika 'hana kazi'. Dhulma gani inaipita hii?

Wala elimu hii ya nyumbani si ngano za wazee. Mwaka 1940 O. F. Raum, aliyekuwa mwalimu wa misheni ya Kilutheri, alichapisha kitabu kizima, Chaga Childhood, akionyesha kwamba Wachaga walikuwa na elimu yao kamili, yenye mafunzo, michezo na adabu zake, kabla ya ubao na chaki kufika. Mwaka 1947 Petro Itosi Marealle wa Marangu aliandika kwa Kiswahili Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, akiyafuata maisha hayo tangu kuzaliwa. Na Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alianza kwa kutukumbusha kwamba kukosa shule hakukuwa na maana ya kukosa elimu, kwa sababu watoto wa Afrika walijifunza kwa kuishi na kutenda. Sisemi kwamba ya kale yote yalikuwa mema. Fimbo ilikuwa nyingi kupita haja, na binti alihesabiwa kuwa mali ya watu wengine. Hayo tuliyaacha, na tulifanya vyema. Lakini ni nani aliyetuagiza tuache na malezi yenyewe?

Hapa nataka kusema neno juu ya mabibi wa rika langu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa kila mtoto ifikapo mwaka 1977. Walimu hawakutosha. Tukachukuliwa sisi tuliomaliza darasa la saba, tukajifunza ualimu huku tukifundisha, kwa redio na kwa masomo ya posta. Wenye kejeli wakasema kwamba UPE maana yake ni 'Ualimu Pasipo Elimu', nasi tukacheka nao na kuendelea na kazi. Watu wazima nao wakakaa kwenye madawati jioni. Kufikia mwaka 1986 Serikali ilihesabu kwamba wasiojua kusoma na kuandika hawakufika asilimia 10 ya watu wazima nchini. Bibi wa leo wa Kirua Vunjo ni zao la jitihada ile. Anasoma, anaandika, anapiga hesabu kwa Kiswahili safi, na kwa hiyo ana uwezo wa kumfundisha mjukuu wake darasa la kwanza lote pale pale jikoni.

Sasa tazama tulivyomfanyia. Jirani yangu mmoja, aliyekuwa mwanafunzi wangu, alinijia jioni moja na daftari la mjukuu wake anayesoma shule ya kulipia. Kazi yote iliandikwa kwa Kiingereza. Mtoto alikuwa amemwambia, 'Bibi, wewe hujui kusoma.' Mama huyu nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe. Alikuwa wa tatu katika darasa lake. Taifa zima lilijinyima ili asome, na sasa mtoto wa miaka sita amemvua elimu yake kwa daftari moja. Sina chuki na Kiingereza. Mtoto atajifunza, na ajifunze vizuri. Lakini shule inayompa mtoto mdogo kazi ya nyumbani ambayo nyumbani hawawezi kuisoma inamfundisha somo moja tu kwa hakika, nalo ni kuwadharau waliomlea.

Ni ajabu kwamba wakati sisi tunaukimbia ualimu wa nyumbani, wenye fedha huko ughaibuni wanaukimbilia. Nchini Marekani maelfu ya wazazi walipigana mahakamani na katika mabunge ya majimbo kupata ruhusa ya kuwafundisha watoto wao nyumbani, na kufikia mwaka 1993 majimbo yote 50 yalikuwa yamewaruhusu. Mtindo huo umeanza kuigwa katika baadhi ya nyumba za mijini hapa kwetu, pamoja na vitabu vinavyoagizwa kutoka huko huko. Mimi siuhubiri. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka kila mtoto aliyefikia miaka saba aandikishwe shule na ahudhurie, na tusijidanganye kwamba kihamba kitamfundisha mtoto sayansi yote anayoihitaji. Ninachosema ni kwamba shule ya kijiji inatosha kumchukua mtoto asubuhi na kumrudisha alasiri. Usiku wake ni wetu.

Najua nitaambiwa kwamba wako wazazi wasio na njia: mama anayelea peke yake mjini na kufanya kazi ya zamu, mtoto mwenye ulemavu ambaye shule inayomfaa iko mbali, watoto wa wafugaji ambao shule haifikiki kwa siku moja. Hao sina ugomvi nao, na ni wajibu wetu sote kuwasaidia. Ninaosema nao ni akina baba wenye nyumba, wenye mke, wenye mama mzazi aliye hai na mwenye nguvu, ambao wanaona fahari kutaja jina la bweni mbele ya wenzao kwenye meza ya bia. Wanakuja Desemba, wanachinja mbuzi, wanapiga picha na watoto, na mtoto mdogo anajificha nyuma ya migomba kwa sababu hamjui yule mgeni.

Viongozi nao wasijifiche nyuma ya migomba hiyo hiyo. Mwaka 2021 Serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Ni programu nzuri, lakini katika mikutano ya kijiji ninayohudhuria tunajadili barabara, maji na michango, na ajenda ya malezi haijafika hata kwenye mengineyo. Katika enzi ya vijiji vya ujamaa Umoja wa Wanawake ulihimiza vituo vya kulelea watoto mchana, na mama aliweza kwenda shambani akijua mwanawe yuko na nani na amekula nini. Chumba kimoja, jiko moja na kina mama wawili wanaolipwa posho na kijiji. Hilo nalo linahitaji mfadhili? Na mwenyekiti wa kitongoji, anayejua kila mbuzi aliyeibwa, anashindwaje kujua ni watoto wangapi wa darasa la pili waliosafirishwa Januari na kupelekwa kulala ugenini kinyume cha waraka?

Mimi na mwanangu tulibishana siku tatu. Hakuna aliyepandisha sauti, lakini chakula hakikulika vizuri. Siku ya nne aliondoka na gari tupu. Tangu hapo hupiga simu kila Jumapili jioni, na sharti nililompa ni kwamba asiniulize mimi habari za watoto, bali kila mmoja amsomee kitu yeye mwenyewe, naye asikilize mpaka mwisho. Jumapili iliyopita alisomewa mfuko wote wa mbolea, pamoja na maonyo. Sanduku liko ukumbini; wawili wanalikalia wakati wa kuandika, na ndani tumeweka madaftari na magunzi ya kuhesabia. Kufuli lake tumelitia kwenye banda la kuku.