MASTAA WANAKULA BATA, MABOSI WANAKULA PENSHENI YAO!

Kila baada ya miezi michache Bongo inarudia filamu ileile. Msanii aliyetikisa miaka ya nyuma anaonekana kitandani, kakonda, na chini ya picha kuna namba ya simu ya kuchangia. Wadau wanagawanyika papo hapo. Nusu wanatuma elfu mbili, nusu wanaporomosha matusi: "Si alikuwa anakula bata? Hela zote zile kapeleka wapi?"

Swali hilo linaulizwa kwa mtu asiye sahihi. Wa kuulizwa kwanza ni bosi.

Kuna mtangazaji mmoja wa redio, jina kapuni, aliyekaa hewani miaka tisa kwenye kituo kimoja. Hati yake ya mshahara ilionyesha kila mwezi kwamba amekatwa mchango wa hifadhi ya jamii. Alipoachishwa kazi akaenda kuulizia, akaambiwa michango iliyofika ni ya miezi 14. Miaka tisa ni miezi 108. Ile 94 iliyobaki iliishia wapi? Bosi wake bado anapigwa picha kwenye hafla za tuzo akitabasamu, na hakuna aliyemwita mwizi. Angekuwa kijana wa bodaboda kachukua simu ya mtu, angeshachomwa moto.

Mambo yenyewe si magumu. Kwa sekta binafsi Tanzania Bara, sheria ya NSSF ipo tangu 1997. Mchango ni 20% ya mshahara: mfanyakazi hakatwi zaidi ya 10%, kinachobaki anatoa mwajiri kutoka mfukoni mwake. Mwenye mshahara wa 1,000,000 anakatwa 100,000, bosi anaongeza 100,000 nyingine. Kwa miezi 180, yaani miaka 15, hiyo ni milioni 36 iliyoingia kwa jina lake, na nusu yake si jasho la mfukoni kwake. Akifikisha miezi hiyo anapata haki ya pensheni ya kila mwezi mpaka afe. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima ni 60. Asipofikisha miezi 180 anaambulia mkupuo mmoja tu, na mkupuo Bongo unajulikana unavyoisha.

Ndiyo maana miezi 94 ya yule mtangazaji si jambo dogo. Aliyeiiba hakuiba hela tu, alimrudisha mtu nyuma karibu miaka minane ya safari ya kuelekea pensheni.

Sasa zamu ya mastaa wenyewe, maana nao si malaika. Kuna mchongo unaopendwa sana kwenye vituo na kampuni za burudani: mkataba unaandikwa mshahara wa 300,000, halafu 700,000 inapitia mlango wa nyuma ikiitwa posho. Staa anafurahi, anaona kaongeza 70,000 mkononi kwa mwezi. Bosi anafurahi zaidi, maana naye kaokoa 70,000 bila kutoka jasho. Kwa miezi 180 staa kajikosesha michango ya milioni 25 na ushee. Na haijaishia hapo: pensheni hukokotolewa kwa mshahara uliotangazwa na miezi iliyochangiwa. Uzeeni ukoo mzima utamjua kama mtu wa milioni, mfuko utamjua kama mtu wa laki tatu.

Wapo wanaojitetea kwa kikokotoo. Binti mmoja mwenye wafuasi kibao aliwahi kuwacheka walimu hadharani kwamba wanachangia maisha yao yote halafu wanapewa "hela ya nauli". Hasira za kikokotoo zilikuwa na haki. Mwaka 2018 mkupuo uliposhushwa hadi 25% kwa wote, wafanyakazi walipiga kelele mpaka serikali ikasitisha. Mwaka 2022 ikawa 33%, na 2024 ikapandishwa tena: 40% kwa waliokuwa wakipata 50% zamani, 35% kwa waliokuwa wakipata 25%. Walimu walikuwa na cha kugombania. Yule binti hana hata mwezi mmoja wa mchango, na sifuri haina kikokotoo.

Wengine wanasema, "Pensheni yangu ni mjengo na ndinga." Sawa, kujenga ni akili. Ila nyumba inauzwa mtu akiugua, na gari linagombaniwa na ndugu kabla arobaini haijafika. Mwanachama aliyetimiza masharti akifariki, mjane na watoto wana mafao yao kisheria, shangazi apende asipende.

Waigizaji wanaolipwa kwa filamu, madansa na ma-MC hawana bosi wa kuwachangia. Hao wanaweza kujiandikisha NSSF kwa hiari na kulipa wenyewe. Mtu anayemtunza mshenga kwenye harusi laki tano jukwaani, kamera zikiwaka, hawezi kusema mchango wa mwezi unamshinda.

Lakini walioajiriwa wasibebeshwe mzigo wa bosi. Chama cha wasanii kinachojua kuchangisha jeneza kijue pia kudai michango mwanachama akiwa hai. Mtangazaji anayewabana mawaziri kila asubuhi aombe taarifa ya michango yake wiki hii, si siku ya kufukuzwa. Akikuta mapengo, apeleke hati zake za mshahara kwenye mfuko, maana kukata na kutowasilisha ni kosa kisheria. Na wadau wanaosubiri staa aanguke ili wamtukane wahamishie matusi yao panapostahili: kwa bosi mwenye tabasamu la tuzo na miezi ya watu tumboni.